Sura ya Sita: Anayeshika Mlango wa Malipo

Kwa nini mwenye bidhaa aitoe kwenye duka lenye wateja wengi kuliko mengine yote? Watu huuliza hivyo kila studio ya Japani inayotengeneza filamu za watu wazima, yaani filamu za ngono, inapopotea kwenye duka kubwa la mtandaoni. Wiki iliyopita orodha yake ilikuwa imejaa. Leo ukitafuta hupati hata filamu moja, wala hakuna tangazo. Hapo ubashiri unaanza. Wapo wanaosema studio imefilisika, wapo wanaosema polisi wameingia, na wapo wanaoamini kwamba wenyewe wameudhiwa na jambo fulani wakasusa.

Mara nyingi jibu ni la kawaida kuliko hayo. Masharti ya kuuza hayapangwi na studio. Hupangwa na mwenye duka, na kampuni za kadi za benki, na tangu mwaka 2022 hupangwa pia na sheria inayomlinda mwigizaji. Masharti ya mmoja kati ya hao watatu yakibadilika, studio hupiga hesabu upya, na wakati mwingine hesabu hiyo husema: ondoka.

Najua wapo watakaoona haya kuisoma sura hii mbele za watu. Hakuna humu chochote cha kuficha. Tunazungumzia biashara na sheria. Nimeipa biashara hii sura nzima kwa sababu mbili. Kwanza, mibano ya fedha mtandaoni huipata mapema, kabla haijawafikia wauza vitabu na michezo ya kompyuta. Pili, ndani yake wamo watu ambao miili yao ndiyo bidhaa, na mkataba mbaya ukishasainiwa hapo, madhara yake hayafutiki kwa kurudishiwa fedha. Jambo la pili ni zito kuliko la kwanza, na ningependa msomaji alishike tangu sasa.

## Duka lililoanzia Kaga

Ili kuelewa kuhama, tuanze na mahali panapohamwa.

Keishi Kameyama alizaliwa mwaka 1961 mjini Kaga, katika mkoa wa Ishikawa, upande wa Japani unaotazama Bahari ya Japani. Katika miaka ya 1980 alikuwa na maduka ya kukodisha kanda za video, kisha akaingia kwenye kutengeneza kanda zake mwenyewe. Shida ya mtengenezaji mdogo ni ile ile popote: mwenye duka hakujui, na hataki fedha yake ilale kwenye bidhaa ambayo huenda isitoke. Kameyama akaamua kuwapa wenye maduka kanda kwa mali kauli. Weka rafuni, ikiuzwa unilipe, isipouzwa nitaichukua.

Halafu akafanya jambo la pili, ambalo mimi naliona kuwa ndilo chanzo cha nguvu zake zote za baadaye. Aliyapa maduka hayo mashine za kuhesabia mauzo zilizounganishwa na kompyuta, na taarifa za kila kilichouzwa zikawa zinamfikia yeye. Watengenezaji wengine walikuwa wakikisia wateja wanataka nini. Kameyama alijua ni kanda ipi imetoka, katika duka lipi, siku gani. Alikuwa na bidhaa, alikuwa na njia ya kuzifikisha, na juu ya hayo alikuwa na daftari la soko zima.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 biashara hiyo iliingia kwenye intaneti kwa jina la DMM. Leo DMM ni kampuni pana: inafundisha Kiingereza kwa njia ya video, ina michezo ya kompyuta, inashughulika na biashara ya fedha za kigeni na umeme wa jua, na tangu mwaka 2017 inamiliki klabu ya soka ya Sint-Truiden nchini Ubelgiji. Hata Afrika Mashariki imefika: kampuni ya teknolojia ya Kigali iitwayo HeHe iliwahi kuwa chini yake na kubeba jina la DMM.HeHe. Kameyama mwenyewe hadi leo haonyeshi uso wake anapohojiwa na waandishi wa habari.

Mwezi Agosti 2018 upande wa filamu za watu wazima ulitengwa. Ukapewa jina jipya, FANZA, na kuwekwa chini ya kampuni nyingine, Digital Commerce. Kwa maoni yangu hatua hiyo ilikuwa ya busara: kampuni inayofundisha watoto wa watu Kiingereza haiwezi kuendelea kubeba jina moja na duka la namna hiyo. Lakini mteja wa filamu hizo nchini Japani, akisema duka kubwa la mtandaoni, mara nyingi anamaanisha FANZA.

Kuyakimbia maduka makubwa hakukuanza na intaneti. Mwaka 1995 mtu mmoja aliyetoka kwenye utengenezaji wa vipindi vya televisheni, Takahashi Ganari, alianzisha studio iitwayo Soft On Demand, maarufu kwa kifupi SOD. Wakati huo soko lilikuwa la kukodisha, na mlango wake ulishikwa na chombo cha ukaguzi kilichoitwa Biderin, kilichokuwapo tangu mwaka 1972. SOD na wenzake waliamua kumuuzia mtazamaji kanda aende nayo moja kwa moja, badala ya kupitia maduka ya kukodisha. Waliambiwa hawatafika popote, na ndani ya miaka michache kanda za kuuza zikawa zinaongoza soko. Takahashi baadaye aliiacha biashara hiyo akageukia kilimo. Kwa hiyo kizazi cha studio kilichokulia hapo kilishaona kwa macho yake kwamba njia kuu inaweza kuachwa na maisha yakaendelea.

## Ukaguzi na kifungu cha 175

Kabla hatujafika kwenye fedha, kuna ukuta mmoja ambao msomaji wa nje ya Japani huwa haufahamu. Kifungu cha 175 cha sheria ya jinai ya Japani, sheria iliyotungwa mwaka 1907, kinakataza kusambaza vitu vya aibu. Mwaka 2011 kilipanuliwa ili kihusishe pia data za kompyuta. Ndiyo maana filamu halali za huko hufunikwa sehemu za siri kwa vipande vidogo vya ukungu, vinavyoitwa mozaiki.

Ukungu huo unatakiwa uwe mzito kiasi gani? Sheria haisemi. Kwa hiyo vyombo vya ukaguzi viliundwa na wafanyabiashara wenyewe ili kupima kila filamu kabla haijauzwa. Mwaka 2007 polisi wa Tokyo waliingia Biderin wakidai kwamba ukaguzi wake umekuwa mwepesi mno, na mwaka uliofuata baadhi ya wakaguzi walikamatwa. Fikiria uzito wa jambo hilo: aliyekamatwa si mtengenezaji peke yake, ni pamoja na mtu aliyegonga muhuri wa kuruhusu.

Tangu hapo duka kubwa halipokei filamu isiyo na ukaguzi unaotambulika. Na studio halali haiwezi kukimbilia tovuti ya nje ya nchi ikauze bila mozaiki, kwa kuwa wenyewe, ofisi zao na kamera zao wako Japani, na kifungu cha 175 kinawasubiri hapo hapo. Njia ya kutokea ni nyembamba. Studio inayohama inahama ndani ya nchi, kwenda duka jingine la ndani au kufungua lake.

## Jirani ambaye pia ni mshindani

Jukwaa la usambazaji ni neno la kitaalamu kidogo, lakini maana yake ni duka la mtandaoni linalouza bidhaa za wengine na kubaki na sehemu ya bei, yaani kamisheni. Tatizo huanza duka hilo linapokuwa na undugu na watengenezaji. Majina makubwa ya studio kama S1 na Moodyz yalikulia katika ukoo wa kampuni ulioanzia kule Kaga. Hata kama leo kwenye karatasi ni kampuni tofauti, studio ya nje inayoweka filamu zake FANZA inajua kwamba imepanga kwenye nyumba ya shemeji wa mshindani wake. Nani anawekwa ukurasa wa mbele? Nani anaona takwimu za mauzo za wote? Maswali hayo huulizwa hata pale ambapo hakuna upendeleo wowote uliofanyika.

Tupige hesabu ya kubuni, ili tuone kamisheni inavyouma. Tuseme filamu inauzwa yen 2,000, na duka linabaki na sehemu 4 katika kila 10. Studio inapata yen 1,200. Duka likitangaza punguzo la nusu bei, filamu inauzwa yen 1,000 na studio inapata 600. Sasa tuseme studio ina duka lake, na gharama ya kupokea malipo na kuendesha tovuti ni yen 200 kwa kila filamu. Inabaki na 1,800. Ikiuza nakala mbili kwake pale ambapo duka kubwa lingeuza tatu kwa bei kamili, mapato ni sawasawa. Na ikiwa duka kubwa limezoea kuuza kwa punguzo, nakala moja ya nyumbani inalingana na tatu za huko.

Ongeza huduma ya kulipa ada ya mwezi na kutazama bila kikomo. Mteja hulipa mara moja, kisha fedha hiyo inagawanywa kati ya studio nyingi kwa utaratibu uliowekwa na duka. Studio yenye filamu chache zinazopendwa sana huona jasho lake likigawanywa pamoja na rundo la filamu za bei rahisi za wengine. Hapo hamu ya kuondoka inakua.

Lakini si kila studio inaweza. Prestige, mojawapo ya studio kubwa, ina duka lenye undugu nayo, MGS, lenye filamu zisizopatikana kwingine. Studio ya aina hiyo ina wateja wanaoifuata kwa jina, kwa hiyo inaweza kumwambia mwenye duka: hatukubaliani. Studio ya watu watano waliopanga ghorofa moja haina ubavu huo. Ikitoka kwenye duka kubwa, hakuna atakayeitafuta. Ndiyo maana ukisikia studio imeondoka yenyewe kwa sababu ya kamisheni, uwezekano mkubwa ni studio iliyokwisha kujenga kwake kabla haijafunga virago.

*Kwa ufupi:* kamisheni na undugu wa duka na washindani huzisukuma studio zenye jina. Studio ndogo hubaki, au huondolewa kwa sababu zinazofuata.

## Mlango wa malipo

Mwezi Desemba 2020 mwandishi Nicholas Kristof wa gazeti la New York Times aliandika kuhusu wasichana ambao video za unyanyasaji wao zilikuwa zikizunguka kwenye tovuti ya Pornhub, na kila zikifutwa zinapandishwa tena. Ndani ya siku chache Visa na Mastercard zilikata malipo ya tovuti hiyo. Pornhub ikaondoa video zote zilizopandishwa na watu wasiothibitishwa, mamilioni kwa mkupuo mmoja. Kelele za miaka mingi hazikuwa zimefanya hivyo. Kadi zilifanya.

Tuangalie kwa karibu mteja anapolipa kwa kadi. Kuna benki iliyompa mteja kadi. Kuna mtandao wa kadi, kama Visa au Mastercard, unaozipatanisha benki. Kuna benki ya muuzaji inayopokea fedha. Katikati mara nyingi kuna kampuni ya kuchakata malipo, inayomuunganisha muuzaji na benki hiyo. Muuzaji hana mkataba wa moja kwa moja na mtandao wa kadi. Kila muuzaji hupewa namba ya aina ya biashara yake, na huduma za watu wazima mtandaoni kwa kawaida huwekwa chini ya namba 5967, inayohesabiwa kuwa ya hatari. Mtandao wa kadi ukiona kanuni zake zimevunjwa, faini inaipiga benki ya muuzaji. Benki, kwa kuogopa faini, inamkata muuzaji. Ni kama mwenye duka Kariakoo ambaye wateja wake wote hulipa kwa simu, akaamka asubuhi na kukuta lipa namba yake imefungwa: milango iko wazi, bidhaa zimejaa, na hakuna anayeweza kununua.

Mwaka 2021 Mastercard ilitangaza kanuni mpya, zilizoanza kutumika tarehe 15 Oktoba mwaka huo. Tovuti za watu wazima zilitakiwa kuthibitisha kwa nyaraka umri na utambulisho wa kila anayeonekana kwenye video na wa anayeipandisha, kuwa na ushahidi wa ridhaa, kukagua maudhui kabla hayajawekwa hadharani, na kuwa na utaratibu wa kushughulikia malalamiko. Binafsi sioni sharti hata moja hapo ambalo ni baya. Mtu ambaye hawezi kuonyesha kwamba aliyemrekodi alikuwa mtu mzima na aliridhia hastahili kuuza.

Ugumu uko kwenye ghala la zamani. Studio inaweza kuwa na filamu za miaka ya 1990. Wakala aliyemleta mwigizaji amekwisha kufunga ofisi, nakala za vitambulisho zilikuwa kwenye makabati ambayo hayapo tena, na waigizaji wenyewe wamebadili majina na maisha. Kwa filamu moja, kutafuta karatasi ni kazi ya siku. Kwa ghala zima ni kazi ya miaka. Studio nyingi zikiwekwa mbele ya uchaguzi huo huona ni nafuu kuondoa filamu kuliko kuzitetea.

Tarehe 29 Julai 2022 DMM na FANZA ziliacha kupokea Mastercard. Wateja walielekezwa kwenye njia nyingine, kwa mfano pointi za kununua kabla, au kadi za JCB, mtandao wa kadi wa Kijapani ulioanzishwa mwaka 1961. Japani ina bahati ya kuwa na mtandao wake. Nchi nyingi hazina. Lakini kila njia ya malipo inayofungwa hupunguza wanunuzi, na inapunguza pia sababu ya studio kuvumilia kamisheni.

Moto haukuishia kwenye filamu. Mwezi Machi 2024 DLsite, duka la Kijapani la katuni, sauti na michezo, lilijaribu kubadilisha majina ya baadhi ya makundi ya bidhaa zake ili kuiridhisha mitandao ya kadi. Siku chache baadaye, mwezi Aprili, likasitisha kabisa kupokea Visa, Mastercard na American Express. Mwaka huo huo Manga Library Z, tovuti iliyohifadhi katuni za zamani zisizochapishwa tena, ilitangaza kusimamisha huduma kwa sababu ya kukosa njia ya malipo. Hapa kanuni iliyotungwa kuwalinda watu wa kweli ilikuwa imefika kwenye michoro ya kalamu.

Na nani alitoa amri? Yamada Taro, mjumbe wa baraza la juu la bunge la Japani anayefuatilia suala hili, alieleza mwaka 2024 kwamba alipokutana na Visa aliambiwa kampuni hiyo haitoi maagizo ya kukataza maneno fulani. Mwishoni mwa mwaka huo, mkuu wa Visa nchini Japani aliwaambia waandishi wa habari kwamba wakati mwingine kadi huzuiwa ili kulinda jina la kampuni. Kati ya kauli hizo mbili kuna muuzaji aliyekatiwa malipo, na hana barua ya kumwonyesha hakimu. Hilo linanikera. Sheria ya bunge ina ukurasa, ina kifungu, ina mahakama ya kukatia rufaa. Kanuni inayopita kutoka mtandao wa kadi kwenda benki, kutoka benki kwenda kampuni ya malipo, na kumfikia muuzaji kama onyo la simu, haina mahali pa kukatia rufaa.

## Juni 2022

Sasa tufike kwenye sababu ambayo mimi naiheshimu kuliko zote.

Mwezi Machi 2016 shirika la Human Rights Now la Tokyo lilitoa ripoti kuhusu wanawake waliolazimishwa kuonekana kwenye filamu hizi. Wengi waliitwa kwa ahadi ya kazi ya kupigwa picha za mitindo, wakasaini karatasi, kisha walipokataa kuvua nguo mbele ya kamera wakatishiwa faini ya kuvunja mkataba. Mfano mmoja ulikuwa umeshafika mahakamani: msichana aliyekataa kuendelea alidaiwa zaidi ya yen milioni 24. Mwezi Septemba 2015 Mahakama ya Wilaya ya Tokyo ilitupilia mbali dai hilo na kusema kazi ya namna hiyo haiwezi kulazimishwa kwa mtu asiyetaka. Yule msichana alipata haki. Waliotishwa na kiasi kama hicho bila kujua kwamba mahakama ingewasikiliza, walipiga filamu.

Baada ya ripoti, sehemu ya wafanyabiashara iliunda chombo cha haki za waigizaji mwaka 2017, na kuweka utaratibu unaomruhusu mwigizaji kuomba filamu yake iache kuuzwa ikiwa imepita miaka 5 tangu itoke. Hapo ndipo filamu nyingi za zamani zilipoanza kutoweka madukani kimyakimya. Mtazamaji aliona studio inapungua. Ukweli ni kwamba mwanamke fulani, pengine ana watoto sasa, alikuwa amejaza fomu.

Tarehe 1 Aprili 2022 Japani ilishusha umri wa utu uzima kutoka miaka 20 hadi 18. Kijana wa miaka 18 au 19 akapoteza haki ya zamani ya kufuta mkataba aliousaini bila ridhaa ya mzazi. Wabunge walibanwa walizibe pengo hilo haraka, na mwezi Juni mwaka huo huo sheria mpya ikapitishwa. Ilianza kutumika tarehe 23 Juni 2022. Inamlinda kila mwigizaji, mwanamke au mwanamume, wa umri wowote. Masharti yake makuu ni haya:

- Kila filamu iwe na mkataba wake wa maandishi, wenye maelezo ya kinachofanyika.
- Upite mwezi 1 kati ya kupewa mkataba na siku ya kupiga filamu.
- Ipite miezi 4 kati ya kumaliza kupiga filamu na kuitoa kwa umma.
- Kwa mwaka 1 baada ya filamu kutoka, mwigizaji anaweza kuufuta mkataba bila kutoa sababu na bila kulipa fidia. Katika miaka 2 ya mwanzo ya sheria, muda huo ulikuwa miaka 2.
- Mkataba ukifutwa, filamu iondolewe na mambo yarudishwe yalivyokuwa.
- Mwigizaji akilalamika kwa mwenye jukwaa, na aliyeipandisha filamu asijibu ndani ya siku 2, jukwaa linaweza kuiondoa bila kudaiwa.

Anayemdanganya au kumtisha mwigizaji ili asiufute mkataba anaweza kufungwa hadi miaka 3, na kampuni yake kupigwa faini hadi yen milioni 100.

Sheria ilipoanza, upigaji wa filamu nyingi uliahirishwa, na baadhi ya waigizaji walilalamika kwamba iliandikwa bila wao kusikilizwa na imewakatia riziki. Malalamiko hayo ni ya haki na yanastahili kusikilizwa. Hata hivyo siwezi kukubaliana na wanaosema sheria yenyewe ni kosa. Mwezi mmoja wa kufikiri si muda mrefu kwa jambo litakaloonekana na watu usiowajua maisha yako yote.

Kwa msambazaji, haki hiyo ya kufuta mkataba imebadili hesabu kwa namna ambayo wengi hawajaiona. Zamani studio ilitaka filamu yake iwe kwenye kila duka, kwa sababu kila duka ni fedha. Sasa kila duka ni mahali pa ziada pa kufuatilia kufutwa. Filamu iliyo kwenye maduka 8, kwenye huduma ya ada ya mwezi, na ndani ya mikusanyiko inayouza filamu 10 kwa pamoja, inahitaji barua nyingi na uthibitisho kutoka kila upande. Mkusanyiko wenye filamu moja iliyofutwa unapaswa kuondolewa au kukatwa upya. Studio yenye hekima hupunguza maduka. Inabaki na lake na pengine moja jingine, ili mwigizaji akisema basi, iwe basi kweli.

## Sura moja, sababu nyingi

Mtazamaji huona ukurasa usio na kitu, na ukurasa huo haumwambii lolote. Huenda ni studio imehamia kwake. Huenda mkataba wa usambazaji umeisha na pande mbili hazikuelewana bei. Huenda duka limekataa filamu ambazo karatasi zake hazijatimia. Huenda waigizaji kadhaa wametumia haki yao. Na wakati mwingine ni duka lenyewe linalojitoa kwa wateja wa mahali fulani: R18.com, tovuti ya Kiingereza ya ukoo huo huo wa DMM, ilifungwa mwanzoni mwa mwaka 2023, na kwa kawaida FANZA haifunguki nje ya Japani. Mtu aliyeko Nairobi au Muscat akisema studio zote zimeondoka, aliyeondolewa ni yeye.

Kuna njia moja ya kubahatisha vizuri. Kilichoondoka kikiwa ni orodha nzima kwa siku moja, mpya na za zamani pamoja, tafuta sababu kwenye mkataba kati ya studio na duka. Zikiwa ni filamu za zamani tu, tafuta kwenye karatasi za kadi. Ikiwa ni kila filamu ya mwigizaji mmoja, kwenye studio tofauti tofauti, usitafute kitu. Mtu ameomba aachwe, na kuuliza kwa nini ni kumfuata hadi mlangoni kwake.

## Studio ikishahama

Nani anapoteza studio inapohama? Duka kubwa hupoteza kidogo. Mteja hupoteza urahisi. Mwigizaji anaweza kupoteza zaidi ya wote hao, na ni yeye asiyetajwa katika mazungumzo haya.

Duka kubwa, pamoja na ubabe wake wote, lina ofisi, lina wanasheria, na lina dirisha la kupeleka ombi la kuondoa filamu. Chombo cha haki kilichoundwa mwaka 2017 hupokea maombi ya waigizaji na kuyapeleka kwa studio na maduka yaliyojiunga nacho. Studio ikihamia kwenye duka lake na bado ikabaki mwanachama, ombi litaifikia. Ikihama na kujitoa, au ikifunga na kuuza ghala lake kwa mtu mwingine, mwigizaji hubaki akimtafuta mmiliki mpya kwa jina ambalo hajawahi kulisikia. Sheria ya Juni 2022 inamfuata hata huyo mmiliki mpya, lakini kwa mikataba iliyofanywa baada ya sheria kuanza. Kwa filamu ya mwaka 1998 mwigizaji hana haki hiyo ya kufuta. Ana ule utaratibu wa hiari wa miaka 5, unaofanya kazi pale tu ambapo muuzaji amekubali kujiunga.

Kanuni za kadi nazo zinaweza kumsukuma muuzaji mahali pabaya. Muuzaji aliyefukuzwa na Visa na Mastercard si lazima afunge. Anaweza kuhamia kwenye tovuti za nje zinazopokea sarafu za kidijitali, fedha za mtandaoni zisizopitia benki, ambako hakuna anayedai kitambulisho cha mtu yeyote wala hakuna mkaguzi. Kwa hiyo ningependa kanuni hizo ziandikwe hadharani, na katika kila moja iwekwe njia ya mwigizaji kulalamika moja kwa moja kwa mtandao wa kadi, ajibiwe kwa maandishi, na ajue ni benki ipi inayompokelea muuzaji wake fedha. Kwa sasa anayeweza kuijua benki hiyo ni muuzaji mwenyewe.